Harvard Club ya New York (1894): mpangilio wa matofali, matao bapa, madirisha na chokaa. Naomba msaada wa mchoro

Mchoraji_Ilala

Wakuu, habari za jioni. Nachora uso wa jengo la Harvard Club, klabu ya wahitimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, lililoko West 44th Street, New York, ile sehemu ya kwanza ya mwaka 1894 iliyosanifiwa na McKim, Mead & White. Ni kazi ya somo la historia ya usanifu. Mchoro mmoja ni wa uso mzima kwa kipimo cha 1:50, wa pili ni wa dirisha moja na matofali yanayolizunguka kwa 1:5. Juu ya hayo mkufunzi anataka kurasa mbili za maelezo: jengo la aina hii huharibika vipi, na hutengenezwa vipi bila kupoteza sura yake.

Picha ninazo za kutosha na mistari mikubwa imekaa sawa. Shida ni kwamba mchoro unatoka kama nyumba yoyote ya matofali mekundu. Naomba kujua:

1. Mtindo huu wa Kijoji mamboleo (Neo-Georgian) unatambulika kwa nini, ukiondoa nguzo na mapambo ya mawe?
2. Matofali nayapangaje kwenye kona na kando ya dirisha?
3. Tao bapa la juu ya dirisha lina kanuni gani ya kulichora?
4. Jointi (maungio kati ya tofali na tofali) zikichakaa, kwa nini tunaambiwa tusizibe kwa saruji?

---

Nguzo_na_Kornisi

Nianze na swali la kwanza, maana ukilipata hilo mengine yatafuata.

Mtindo wa Kijoji wenyewe ni wa enzi za wafalme wanne wa Uingereza walioitwa George, 1714 hadi 1830, na makoloni ya Marekani yaliuchukua mapema. Charles McKim hakwenda London kutafuta kielelezo cha klabu hii. Alikichukua Cambridge, Massachusetts, kwenye uwanja wa zamani wa chuo chenyewe: Massachusetts Hall (1720), Hollis Hall (1763), Harvard Hall (1766). Ni majengo ya matofali mekundu, marefu na yaliyonyooka, yenye mapambo machache sana. Kabla ya klabu, mwaka 1889, McKim alikuwa amesanifu lango la Johnston kwenye uwanja huohuo, na pale ndipo yalipotokea matofali ambayo hadi leo huitwa matofali ya Harvard: yamefinyangwa kwa mkono, yakachomwa kwa kuni, rangi zinapishana, na baadhi ya vichwa (ncha fupi za tofali) vimeungua vikawa vyeusi kwa kuwa vilikuwa karibu na moto. Wakati huo viwanda vilikuwa tayari vinatoa matofali laini ya rangi moja. Aliyakataa kwa makusudi, kwa sababu ukuta wa rangi moja unaonekana kama karatasi iliyopakwa rangi.

Kwa hiyo mchoro wako ukiwa na wekundu mmoja uliojazwa kwa kompyuta, umeshaliua jengo. Paka tofali mojamoja, angalau kwenye ule wa 1:5.

La pili ni uwiano. Angalia urefu wa madirisha kutoka ghorofa hadi ghorofa: lile la sakafu yenye vyumba vikuu ndilo refu kuliko yote, halafu yanapungua kadiri unavyopanda. Angalia pia ukubwa wa ukuta mtupu kati ya dirisha na dirisha. Wanafunzi wengi huchora madirisha kwa usahihi na kuusahau ukuta ulio katikati, wakati ukuta ndio unaolipa jengo utulivu wake. Pima upana wa ukuta kwa upana wa dirisha, uandike uwiano huo pembeni ya mchoro.

Nguzo nazo zina hesabu. Kwa kanuni za karne ya 18, nguzo ya Kitaskani ina urefu wa mara 7 ya kipenyo chake cha chini, ya Kidoriki 8, ya Kiioniki 9, ya Kikorintho 10. Haipungui kwa mstari mnyoofu toka chini: theluthi ya kwanza husimama wima, kisha inaanza kupungua taratibu hadi kubaki karibu 5/6 ya kipenyo juu. Ukichora mistari miwili iliyonyooka, nguzo itaonekana imebonyea katikati.

Na usisahau kwamba hili ni jengo la katikati ya mtaa, limebanwa na majirani kulia na kushoto. Viwanja vya Manhattan vilikatwa kwa upana wa futi 25 na kina cha futi 100, mtu akahitaji zaidi hununua viwili au vitatu. Kuta za pembeni hazina la kusema. Usanifu wote unakutana kwenye uso mmoja wa mbele. Nyuma yake klabu ilikua kwa vipande: mwaka 1905 uliongezwa ukumbi mkubwa, Harvard Hall, wenye kimo cha karibu ghorofa tatu, jengo likatoboa hadi 45th Street, miaka kumi baadaye ofisi ileile ikapanua upande wa magharibi, na mwaka 2003 wasanifu Davis Brody Bond wakaongeza sehemu ya kisasa ya kioo na mawe ya chokaa. Kwa mtazamo wangu walifanya vizuri kutoiga matofali, kwa sababu sehemu ya 1894 inabaki ikisomeka peke yake. Jiji liliuweka uso huo kwenye orodha ya majengo ya kulindwa mwaka 1967.

---

Mwashi_Timazi

Mkuu, mimi nichukue la 2 na la 3.

Kwanza acha vipimo vya tofali letu la kawaida. Tofali la kawaida la Marekani ni inchi 8 × 3¾ × 2¼, yaani takriban milimita 203 × 95 × 57, na kozi (mistari ya ulalo ya matofali) tatu hukaa ndani ya inchi 8. Matofali ya kufinyangwa kwa mkono hayalingani kabisa, kwa hiyo thibitisha kwa picha: hesabu kozi 10 au 20 kando ya kitu ambacho kipimo chake unakijua, gawanya, upate wastani wa kozi moja. Usipime tofali moja.

Bondi (namna ya kupanga matofali) ya mtindo huu ni ya Kiflemi: kwenye kila kozi ubavu (upande mrefu wa tofali), kichwa, ubavu, kichwa, na kila kichwa kinakaa katikati kabisa ya ubavu ulio chini yake. Vile vichwa vyeusi alivyovitaja mkuu hapo juu vikikaa kwenye bondi hii, ukuta unapata madoadoa yaliyopangika bila kupakwa kitu. Picha yako ya karibu itakuonyesha mara moja. Ukiona mbavu tupu kozi tano au sita kisha kozi moja ya vichwa, hiyo ni bondi ya Kimarekani ya kuta za nyuma na za pembeni, si ya uso.

Kona inachorwa hivi, jointi ya wima ikiwa milimita 13:

Kozi ya kwanza inaanza na ubavu wa 203, jointi, kichwa cha 95, na kuendelea. Kozi ya pili inaanza na kichwa cha 95, jointi, halafu kipande chembamba cha kufungia cha milimita 41, jointi, ndipo ubavu. Kile kipande ni tofali lililopasuliwa kwa urefu. Bila kipande hicho jointi za wima zitaangukiana na bondi itakufa papo hapo. Piga hesabu: kichwa kwenye kozi ya kwanza kinaanzia 216 na kuishia 311, katikati yake ni 263.5. Ubavu wa kozi ya pili unaanzia 162 hadi 365, katikati ni 263.5. Zimelingana. Kipande hicho hakiwekwi kamwe ukingoni kabisa mwa kona, daima kinakuja baada ya kichwa, kwa sababu ukingoni kitadondoka kikipigwa na kitu kidogo tu.

Jozi moja ya ubavu na kichwa pamoja na jointi zake ni milimita 324. Kwa kozi ya 68, mita moja ya mraba ya uso inakula karibu matofali 91, wakati ukuta wa mbavu tupu ungekula 68 hivi. Ndiyo maana uso peke yake ndio hujengwa kwa Kiflemi na nyuma hujazwa kwa tofali la bei nafuu. Hapo pana hatari yake: kuna wajenzi wa zamani waliokata vichwa katikati ili kuokoa tofali zuri, na vichwa hivyo havishiki ukuta wa nyuma. Ukuta wa aina hiyo unavimba kwa nje. Ukigongwa kwa nyundo ndogo unatoa mlio wa utupu.

Upana wa dirisha nao unafuata bondi. Kipimo cha nafasi ni idadi ya nusu tofali × 108, ongeza 13. Nusu 11 zinakupa 1,201, basi chukua dirisha la 1,200. Ukuta kati ya madirisha ni idadi × 108, toa 13. Ukichagua upana ovyo utalazimika kukata tofali kila kozi, na jicho linaliona hilo kutoka ng'ambo ya barabara.

Sasa tao bapa. Limenyooka kwa macho lakini kazi yake ni ya tao. Kwa nafasi ya 1,200:

Kimo cha tao kifuate kozi ili juu yake jointi ya ulalo ipite bila kukatwa. Kozi 4 ni milimita 271. Mlalo wa pembeni, kwa kila milimita 100 za kimo, unatoka nje kwa 1/24 ya upana wa nafasi, hapa milimita 50. Kwa kimo cha 271 ni 135 kila upande, hivyo juu tao lina 1,470 na chini 1,200. Refusha mistari miwili ya pembeni kuelekea chini, itakutana kwenye mstari wa katikati takriban milimita 1,200 chini ya tao. Nukta hiyo ndiyo kitovu: kila jointi ya tao inaelekea hapo, hakuna hata moja inayokwenda kwa kukisia.

Idadi ya vipande iwe witiri ili kimoja kisimame katikati. 1,470 ukigawa kwa 25 ni 58.8, yaani tofali la 57 na jointi ya milimita 2. Chini kila kipande kinabaki na 48 pamoja na jointi. Matofali haya husuguliwa yakafuata mlalo, na jointi zake ni nyembamba sana kuliko za ukutani. Hiyo tofauti ya milimita 2 kwa 13 ndiyo inayofanya tao lionekane kama kitu cha thamani. Kimo cha 271 kinazidi urefu wa tofali moja, kwa hiyo kipande hutengenezwa kirefu maalumu au huungwa kwa viwili, jointi ya kuungia ikipishana kipande kwa kipande.

Mwisho, usilichore likiwa bapa kabisa upande wa chini. Inua katikati kwa takriban milimita 10 kwa kila mita ya upana, hapa 12. Tao lililonyooka sawasawa huonekana limelegea, na likishuka kidogo baada ya kuondolewa mbao litakuwa limelegea kweli.

---

Mchoraji_Ilala

Shukrani sana wakuu. Kwenye picha za majengo kadhaa ya aina hii naona ufa unaoanzia kwenye kona ya juu ya dirisha na kupanda kwa ngazi. Je, ni msingi umeshuka?

---

Chuma_na_Kutu

Inawezekana ni msingi, lakini kabla ya kuulaumu tazama mahali ufa unapoanzia. Majengo ya Kijoji mamboleo yana sura ya karne ya 18 na chuma cha karne ya 19 na 20 ndani yake. Nyuma ya tao bapa mara nyingi kuna linta, yaani boriti fupi ya juu ya dirisha, ya chuma inayobeba ukuta wa ndani, na mara nyingine hata tao lenyewe limekalia kipande cha chuma cha umbo la L. Maji yakiingia, chuma kinapata kutu, na kutu inachukua nafasi mara kadhaa zaidi ya chuma kilicholiwa. Matofali yanasukumwa.

Dalili za kutofautisha: kutu ikisukuma, jointi ya ulalo iliyo usawa wa linta inafunguka, ufa unaanzia kwenye ncha za linta, na mara nyingi kuna doa la kahawia. Msingi ukishuka, ufa huwa mpana zaidi upande mmoja, juu au chini, na madirisha ya juu na chini yake nayo yanapinda, hayafunguki vizuri.

Tiba si kuziba ufa. Mizigo ya juu inashikiliwa kwanza, matofali yanatolewa kwa sehemu fupifupi na kupewa namba, chuma kinasafishwa hadi kionekane cheupe, kinapakwa rangi ya zinki. Kama kimeliwa sana kinabadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu. Juu ya linta inawekwa karatasi ya chuma cha pua au shaba ya kuyatoa maji nje, ncha zake zikikunjwa juu ili maji yasimwagikie ndani ya ukuta, na kunaachwa matundu ya kutolea maji. Fundi akisahau kukunja zile ncha, maji yanakwenda moja kwa moja kwenye mwisho wa linta, mahali palepale palipooza mwanzo.

---

Chokaa_ya_Pwani

La 4 ni langu, na naomba mkufunzi wako alisome kwa makini kwa sababu hapa ndipo majengo mengi mazuri yameharibiwa na watu waliotaka kuyasaidia.

Tofali la kuchomwa kwa kuni lina ngozi ngumu nje na nyama laini ndani. Ukuta wake unapata maji ya mvua, kisha unayatoa. Jointi ya chokaa ni laini kuliko tofali na inapitisha unyevu, kwa hiyo maji yanatokea kwenye jointi, chumvi inatulia kwenye jointi, na jointi ndiyo inayochakaa. Hilo ni jambo jema: jointi hubadilishwa, tofali halibadilishwi. Ukiziba kwa saruji kali, mlango wa maji umeufunga. Yanatafuta njia kupitia tofali lenyewe. New York ikifika majira ya baridi, maji yaliyo ndani ya tofali yanaganda, yanaongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi, na ngozi inabanduka. Baada ya hapo tofali linaliwa haraka, unabaki na saruji iliyochomoza kama fremu na mashimo katikati. Huku kwetu baridi ya kugandisha haipo, lakini kuta za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe na Lamu zinaumizwa na saruji kwa njia hiyohiyo ya unyevu na chumvi kufungiwa ndani.

Utaratibu wa kutengeneza:

Chukua sampuli ya jointi ya zamani kutoka sehemu kadhaa ambazo hazijaguswa. Ivunje, iyeyushe chokaa kwa asidi, mchanga utakaobaki uoshe na uuangalie: rangi yake na ukubwa wa punje ndivyo vinavyotoa rangi ya jointi. Watu wanahangaika na rangi ya unga wakati rangi inatoka kwenye mchanga. Usishangae ukikuta kuna kitu kigumu kuliko chokaa tupu. New York ya miaka ile ilitumia sana saruji ya asili ya Rosendale, iliyochimbwa jimboni humohumo, na hiyo ni laini kuliko saruji ya leo ya Portland.

Kwa ukuta wa namna hii mchanganyiko wa kuanzia ni chokaa iliyozimwa na kuiva 1 kwa mchanga 3. Mahali penye kupigwa na mvua sana, wataalamu wengine huruhusu saruji 1, chokaa 2, mchanga 9. Saruji isizidi hapo, na kipimo ni kwa ndoo moja ileile, si kwa koleo.

Jointi ya zamani inatolewa kwa kina cha mara 2 hadi 2½ ya unene wake. Kwa jointi ya milimita 10 ni 25 hivi. Kina kidogo kuliko hicho hakina mshiko, kitabanduka kama ganda. Tumia patasi nyembamba na nyundo. Grainda inaweza kupita katikati ya jointi ndefu ya ulalo, mikononi mwa fundi makini, lakini isiguse jointi za wima. Kwenye bondi ya Kiflemi jointi ya wima ni fupi kama kozi yenyewe, na diski ikizidi kidogo tu inakata tofali la juu na la chini. Makovu hayo hayafutiki.

Osha vumbi, lowesha ukuta, subiri maji yanayong'aa yaondoke. Jaza kwanza mashimo yaliyo ndani zaidi hadi yalingane na mengine, kisha jaza kwa tabaka za milimita 6, kila tabaka likikaza kabla ya linalofuata. Tabaka la mwisho lisifikie ukingo wa tofali, hasa kama kona za tofali zimelika. Ukijaza hadi nje, jointi ya 10 inaonekana 18 na ukuta wote unabadilika sura. Limalizie likiwa limekaza kiasi cha kushika alama ya kidole gumba. Ukiwahi, chokaa inapanda juu na rangi inapauka. Joto la hewa liwe kati ya nyuzi 4 na 35 za Selsiasi. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa na uyatunze na unyevu kwa siku tatu au zaidi, maana chokaa ikikauka kwa haraka hubaki unga.

Mawe ya chokaa ya mapambo yana sheria moja ambayo haivunjwi: asidi isiyaguse. Dawa nyingi za kusafishia matofali ni asidi, na mafundi huzimwaga kwenye matofali huku zikichuruzika juu ya mawe yaliyo chini. Jiwe linaliwa palepale. Gamba jeusi lililo chini ya kornisi (ukingo wa mapambo uliochomoza ukutani), mahali mvua isipofika, linalainishwa kwa ukungu wa maji kwa saa kadhaa na kusuguliwa kwa brashi ya nyuzi za mimea. Kusafisha ukuta kwa kuurushia mchanga kwa mashine ni marufuku kabisa, kunaondoa ile ngozi ya tofali niliyoitaja.

---

Seremala_Mvita

Madirisha yameguswa kidogo mno, niongeze. Ni ya kupandisha na kushusha, fremu mbili zinazopishana, kila moja imefungwa kamba pande mbili, kamba inapita juu ya kapi na kushuka ndani ya sanduku lenye uzito wa chuma. Sheria za ujenzi za London za 1709 zilirudisha fremu inchi 4 ndani ya uso wa ukuta, na za 1774 zikaficha sanduku nyuma ya tofali, zote kwa kuogopa moto. Kutoka hapo kivuli cha pembeni ya dirisha kikawa sehemu ya mtindo. Kwenye 1:5 ukichora fremu sambamba na uso wa tofali umekosea.

Miti ya kugawa vioo nayo inasema umri: mwanzoni mwa karne ya 18 ilikuwa minene hata milimita 38, mwishoni imefika 16 hivi. Jengo linaloiga 1720 halivai miti ya 1800. Kila kioo kisimame, urefu ukiwa takriban mara moja na nusu ya upana. Vioo vilivyolala vinaharibu uso wote.

Kosa kubwa la matengenezo ni kuweka vioo viwili bila kuhesabu uzito. Kioo kina kilo 2.5 kwa mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Fremu yenye kioo cha mita 0.8 za mraba, unene wa 3, ina kioo cha kilo 6. Mbao zikiwa kilo 7, jumla ni 13, kila upande unahitaji 6.5. Fremu ya juu zidisha uzito kidogo ili ibaki juu, ya chini punguza kidogo ili ikae chini. Nusu kilo kwa jumla inatosha. Ukiweka vioo viwili vya milimita 4, kioo kinakuwa kilo 16, jumla 23, kila upande 11.5. Kipande cha chuma cha kutupwa chenye kipenyo cha milimita 45 kwa uzito huo kina urefu wa mita moja. Dirisha la kimo cha 1.8 linalosafiri mita 0.9 lina nafasi ya karibu 0.8 tu, kwa hiyo uzito unagonga chini na fremu haifiki juu. Hapo hutumika risasi, ambayo kwa kipenyo hichohicho ni sentimita 64. Kabla ya yote, pima kama miti ya zamani ya kugawa vioo inaweza kuhimili kukatwa ili kuingiza vioo viwili. Miembamba haiwezi, na kuweka dirisha la pili kwa ndani ni bora.

---

Mwashi_Timazi

Nakubaliana na seremala. Kwa mchoro wenyewe: kwenye 1:50 kozi moja ni milimita 1.35 karatasini na jointi ya 13 ni 0.26. Usichore mistari miwili ya jointi, mmoja mwembamba wa 0.1 unatosha, chora kozi zote, lakini mbavu na vichwa vionyeshe kamili kwenye kona na kandokando ya madirisha tu. Kwenye 1:5 ubavu ni 40.6, jointi 2.6, na jointi ya tao 0.4. Hapo mistari miwili ukutani, mmoja kwenye tao.